Kurudilia historia: nani atavaa nguo ya askari?



Tangu wiki mbili humu ndani tunabishana juu ya pendekezo la vijana wa historia: chama kiunde kikundi cha kurudilia historia. Yaani watu wavae nguo za wakati ule, waende mahali penyewe, wacheze kwa mwili wao kile kilichotokea. Wengine walicheka. Wengine waliandika kama ni mambo ya wazungu wenye kukosa kazi siku ya posho. Mimi niko upande wa vijana, lakini sababu walizotoa hazinitoshi. Walisema itakuwa njia ya kufurahisha ya kujifunza. Kufurahi haiko mbaya. Ila kazi za namna hii zimekwisha kufanywa kwingine, na zinajulikana. Tukiziangalia vile tunaangalia kitabu ao sinema, tutaona kama zingine zinafungua macho na zingine zinayafunga. Njo kazi ninataka kufanya hapa, kisha nirudi kwetu Lubumbashi.

Mchezo wa vifungo

Tuanze na mchezo wenyewe. Kule Ulaya na Marekani, kurudilia historia ni kazi ya siku za mapumziko ambayo watu wazima wanaishika kwa moyo wote. Uingereza kuna chama kinaitwa Sealed Knot, kilianzishwa mwaka 1968. Watu wake wanarudilia vita ya wenyewe kwa wenyewe ya karne ya 17, mfalme upande mmoja, bunge upande mwingine. Ubelgiji, mwezi wa 6 mwaka 2015, vita ya Waterloo ilipotimiza miaka 200, watu karibu 5000 kutoka nchi mingi walivaa nguo za askari wa Napoleon na za maadui wake. Walipiga mizinga ya baruti bila risasi, na watazamaji walijaa.

Mtu anaingia namna gani? Anatafuta kikundi, anaazima nguo mara ya kwanza, anafundishwa kutembea kwa mstari, kushika bunduki ya zamani bila kuumiza mwenzake, kupika kwa kuni. Kisha pole pole anaanza kununua ao kushona vitu vyake. Na hapo njo homa inamushika. Mwandishi Mmarekani Tony Horwitz, ndani ya kitabu chake Confederates in the Attic cha mwaka 1998, alifuata watu wenye kurudilia vita ya Marekani ya 1861 mpaka 1865. Alikuta wenye kujinyima chakula ili wafanane na askari wa njaa. Walilala chini wamekumbatiana juu ya baridi. Vifungo vya shaba waliviloweka ndani ya mkojo ili vionekane vya zamani. Wako na tusi lao, farb, kwa mwenye kuja na kitu kisicho cha wakati ule, kama saa ya mkono.

Ninaheshimu bidii ile. Kushona nguo kwa mkono mpaka ulingane na picha ya zamani, ile ni namna ya kusoma. Mtu aliyetembea siku nzima na viatu vya ngozi ngumu amejua juu ya askari wa zamani kitu ambacho hakiandikwe kwa karatasi. Lakini angalieni: wale watu wa Horwitz, mingi yao walivaa nguo za upande wa Kusini, upande uliopigana ili utumwa udumu. Kifungo kiko sawa, uzi uko sawa, rangi iko sawa, na mtumwa haonekane popote. Walijibu vizuri sana maswali madogo, na swali kubwa likapita bila kuulizwa.

Vijana wetu wanaandika mingi juu ya nguo: wapi tutapata kofia ya Force Publique, wapi viatu. Haraka ile ya nguo njo inaniogopesha kwanza.

Wakati sisi tulichezeshwa

Kabla ya kusema kurudilia ni mambo ya wazungu, tukumbuke kama Wakongomani tuliingizwa ndani ya mchezo unaofanana na huu zamani, na hakuna aliyetuomba ruhusa. Mwaka 1897, Leopold II alifanya maonyesho makubwa Tervuren, karibu na Brussels. Watu 267 walichukuliwa Kongo, wakavushwa bahari, wakawekwa ndani ya vijiji vilivyojengwa mule ndani ya bustani yake. Kazi yao ilikuwa kuishi mbele ya watazamaji: kupika, kucheza ngoma, kupiga kasia ndani ya ziwa. Wazungu zaidi ya milioni moja walipita kuwaangalia. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Majina yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Kwa kipimo cha watu wa vifungo, Tervuren ilikuwa kamili. Watu wa kweli, ngoma ya kweli, mikono iliyozoea kasia. Kumbe ilikuwa uongo mtupu, juu wale watu hawakuchagua nafasi yao, na mwenye kupanga mchezo alificha mambo yenye kutendeka Kongo mwaka ule ule: mpira, fimbo, mikono yenye kukatwa. Kwa hiyo kila kazi ya kurudilia historia ninaiuliza maswali mawili. Nani alichagua nafasi yake? Na kitu gani kiliachwa nje ili mchezo upendeze?

Kazi mbili kubwa zilijaribu kujibu. Moja ni ya Uingereza, moja ya Marekani.

Orgreave: wenye kupigwa wanarudi uwanjani

Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1984, wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo walikutana na polisi Orgreave, kaskazini mwa Uingereza. Walikuwa maelfu kila upande. Polisi wa farasi waliwaingilia. Wachimbaji 95 walishitakiwa, na mwaka uliofuata kesi zilianguka juu ushuhuda wa polisi haukusimama. Mgomo wenyewe ulishindwa mwaka 1985, na migodi mingi ikafungwa. Sisi watu wa Katanga tunajua mji wa mgodi unafanana namna gani wakati mgodi umefungwa. Haihitaji tafsiri.

Tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2001, msanii Jeremy Deller aliwarudisha watu Orgreave. Alikusanya karibu watu 800 wa vyama vya kurudilia historia, wale wale wa vita za zamani, na karibu 200 waliokuwa wachimbaji. Fundi wa mchezo alikuwa Howard Giles, mtu aliyezoea kupanga vita za namna hii. Mike Figgis alitengeneza filme.

Nguvu ya kazi hii, kwa macho yangu, iko ndani ya mambo mawili. La kwanza, watu wa vyama walikuwa wamezoea kupigana na wafu. Askari wa Napoleon hawezi kuja kukuambia umekosea. Hapa walisimama uso kwa uso na mtu ambaye kichwa chake kilipasuliwa kweli pale pale, miaka 17 mbele. Mchezaji hawezi tena kujificha nyuma ya kifungo. Na kati ya wachimbaji, wengine walivaa nguo ya polisi. Fikirini kidogo: mtu aliyepigwa anashika ngao ya mwenye kumpiga, anaona uwanja kutoka upande ule. Hakuna darasa linaloweza kumpa mtu kitu kile.

Jambo la pili ni mpangilio. Mwaka 1984, televisheni ya BBC ilionyesha picha kwa mpangilio uliogeuka: wachimbaji wanarusha mawe kwanza, farasi wanakuja kisha. Wachimbaji walisema siku zote kama farasi njo walitangulia. Ndani ya maandishi unaweza kuzunguka swali, unaandika tu kama kulikuwa na fujo, basi. Uwanjani huwezi. Lazima mtu mmoja atangulie kutembea. Kurudilia kunakulazimisha kuamua nani alianza, na uamue mbele ya watu waliokuwepo.

Kasoro yake? Ukiangalia uwanja peke yake, unaona mapigano tu: kelele, farasi, mawe ya uongo. Mwaka mzima wa mgomo, wamama waliopika chakula cha pamoja, nyumba zilizokosa mshahara, vile havionekane katika nyasi. Ni filme, pamoja na mahojiano yake, iliyobeba vile. Vita ni rahisi kurudilia. Njaa ni ngumu. Wenzetu wakumbuke hiyo.

Na ili tusiseme ni mambo ya zamani: mwezi wa 7 mwaka 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza uchunguzi rasmi juu ya Orgreave. Miaka 41 ilikuwa imepita. Siwezi kusema mchezo wa Deller njo ulileta uchunguzi, kuna watu walipigania miaka mingi. Lakini jambo lililokataa kuzikwa lilipata mule pia mahali pa kusimama.

Louisiana: mwisho uliobadilishwa

Kazi ya pili inatugusa zaidi, na njo inanipa shida zaidi. Mwezi wa 1 mwaka 1811, watumwa wa mashamba ya miwa kando ya mto Mississippi, Louisiana, waliasi. Mmoja wa viongozi aliitwa Charles Deslondes. Walikuwa mamia, walitembea kuelekea New Orleans na visu vya miwa, majembe na bunduki chache. Hawakufika. Siku ya tatu walivunjwa na jeshi la wenye mashamba. Wengine walikufa palepale, wengine walihukumiwa na kuuawa, na vichwa vyao viliwekwa juu ya miti kando ya mto ili wengine waogope.

Mwezi wa 11 mwaka 2019, msanii Mmarekani Dread Scott alirudilia safari ile. Mamia ya watu, weusi na wenyeji asili wa Marekani, walitembea siku mbili, zaidi ya kilomita 40. Matayarisho yalichukua miaka. Nguo zilishonwa kwa pamoja, watu wanakaa, wanashona, wanasimuliana. Safari ilipita kati ya viwanda vya mafuta na kemikali, juu mashamba ya zamani yamekuwa viwanda, na watu weusi wanaoishi kandokando wanalalamika juu ya moshi na magonjwa. Scott hakuficha viwanda. Mwenye kutafuta vifungo angesema vinaharibu picha. Mimi ninasema vilikuwa sehemu ya picha: mtu wa 1811 amebeba jembe mbele ya matangi ya mwaka 2019, na unaelewa bila kuambiwa kama udongo ule haujabadilisha sana mwenye kula na mwenye kuliwa.

Sasa mwisho. Scott hakurudilia mauaji. Hakuweka vichwa juu ya miti. Jeshi lake la watumwa liliingia New Orleans, mji ambao watu wa 1811 hawakuufikia, likamaliza kwa sherehe Congo Square. Ndiyo, Congo, jina letu: mahali ambapo watumwa walikuwa wanakusanyika siku ya Mungu kupiga ngoma na kuuza vitu vidogo vidogo.

Je, huu si uongo? Rafiki mmoja wa promosheni yetu, mtu wa historia kabisa, aliniambia ni kosa kubwa: ukibadilisha mwisho umefanya ndoto, haiko historia tena. Ninaelewa. Lakini ninaona Scott alikuwa na sababu. Watu weusi wa Marekani wameona miili yao ikiuawa kwa picha na kwa sinema mpaka mtu anachoka. Kuwaambia wajukuu wavae nguo ya babu ili wauawe tena mbele ya kamera, ile inafanana kidogo na Tervuren. Alichagua kurudilia nia yao, kutembea kuelekea uhuru, akaacha adhabu.

Hata hivyo sikubali yote. Mwisho wa furaha ni halali ikiwa mtazamaji anajua wapi historia ilikatwa. Ningetaka msafara usimame mahali pale jeshi la 1811 lilipovunjwa. Kimya. Majina yanayojulikana yatajwe. Kisha waendelee mbele, kila mtu akijua kama kutoka hapa tunatembea kwa ajili ya wale ambao miguu yao ilikatizwa. Mtoto aliyeona sherehe tu ya Congo Square anaweza kurudi nyumbani akifikiri walishinda. Orgreave ilibeba kushindwa mpaka mwisho. Kwa hilo ninaiweka juu.

Na sisi?

Bon. Turudi kwetu. Vijana walipendekeza vita za Katanga za miaka ya 60. Ninasema hapana, kwa sababu mbili zilizo wazi. Katika nchi yetu, raia akionekana na nguo ya kijeshi ni matatizo palepale, ata akieleza ni mchezo. Na katika nchi ambayo vita haijaisha upande wa mashariki, ambapo wandugu wetu wa Kivu wako humu ndani ya chama wanasoma maneno haya, kucheza bunduki siku ya mapumziko inaweza kuwa tusi kwao. Mwingereza anaweza kucheza vita ya karne ya 17 juu vita yake iko mbali. Yetu haiko mbali.

Mimi ninapendekeza mwezi wa 12 mwaka 1941. Bei ya vitu ilikuwa imepanda juu ya vita ya dunia, mshahara wa mfanyakazi mweusi haukutosha. Wazungu wa Union Minière walikuwa wamegombania mshahara wao mbele, kisha weusi wakagoma, Likasi na Lubumbashi. Hapa Lubumbashi wagomaji walikusanyika uwanja wa mpira. Gavana Maron alikuja. Askari walipiga risasi. Kati ya waliouawa ni Léonard Mpoyo, msemaji wao, mtu aliyesoma. Wazungu walihesabu makumi ya wafu. Watu wa mji walihesabu zaidi.

Tshibumba Kanda Matulu alichora siku ile. Alizaliwa 1947, kwa hiyo hakuiona: aliisikia kwa wakubwa. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, tablo zaidi ya 100, na kila tablo aliielezea kwa Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya Johannes Fabian, mwalimu wa iniversite yetu wakati ule. Njo maana sikubali wenye kusema kurudilia ni kitu cha kigeni. Mzee Tshibumba alirudilia kwa rangi. Kikundi cha Mufwankolo kilifanya tamthilia kwa Kiswahili cha Lubumbashi bila kitabu cha maneno: wanapatana juu ya hadithi, kila mmoja anatafuta maneno ya nafasi yake, wanajaribu, wanabishana, wanajaribu tena. Njia iko. Tunaweza kuanza nayo bila kungojea pesa ya mutu.

Na 1941 inatuwekea swali ambalo vifungo haviwezi kujibu. Gavana alikuwa mzungu, maofisa walikuwa wazungu, lakini waliofyatua risasi walikuwa Wakongomani wa Force Publique. Nani atavaa nguo ile? Ndani ya mji huu tunajuana kwa jina na kwa kabila. Tumeona mwaka 1992 na 1993 kitu gani kinatokea wakati watu wanagawanywa namna ile. Tukimpa kijana mmoja nafasi ya askari, kesho kartiye yote itasema ni watu wa fulani njo walituua. Hapa Orgreave inatufundisha: nafasi zigeuzwe. Kila mchezaji awe mgomaji siku moja na askari siku nyingine, na kura ipigwe mbele ya watu wote. Nguo ya kijeshi tuiache. Kitambaa chekundu kwa mkono kinatosha, na fimbo iwe bunduki.

Wamama nao wasisahauliwe. Mgomo unaanza jikoni, wakati posho haifike mwisho wa juma. Kabla ya uwanja wa mpira tucheze ile: mwanamke anapima unga, anaongeza maji, anapima tena. Ninajua haitavuta watazamaji kama risasi. Kama hatuwezi kuicheza vizuri, tusifike uwanjani.

Na mwisho? Kwa 1941 sitaki Congo Square. Mpoyo aanguke vile alianguka. Alikuwa na masomo, angeweza kukaa nyumbani na kulinda nafasi yake, na alikwenda kusema kwa niaba ya wale wasiojua kusoma. Mtu wa chama hiki akicheza nafasi ile, akasikia kimya kabla ya risasi, atarudi kwa meza yake na diplome yake akijiuliza inamtumikia nani.

Vijana, ninawangojea. Kabla ya mtu kununua kofia, kila mmoja aende nyumbani kwa wazee wake aulize kama kuna mtu wa familia aliyefanya kazi Union Minière wakati ule, na alikuwa upande gani wa uwanja. Leteni majibu hapa, ata yale yenye kuuma.